TAHADHARI: Huyu muuza "silika" za sefu anazunguka Tanga

Wakuu, mtu akikufuata inboksi anauza vikopo vya silika, yaani punje za kunyonya unyevu, vya kukausha sefu la bunduki, mfukuze. Ile shotigani mnayoijua, ya kufukuzia ngedere wa Muheza, mtutu umeota kutu kama bati la choo.

Jamaa alikuja nyumbani kanyooka, shati limechomekewa, mkononi ana kipimo cha unyevu. Nikafungua sefu, akakiweka ndani: asilimia 81. Akaguna. Akaomba kontena la plastiki la jikoni, akatia kikopo chake pamoja na kipimo, akafunika. Tukanywa kahawa. Kufunua, 44! Mama watoto alikuwepo, aliona kwa macho yake. Hapo ungebisha nini?

Halafu maneno yake yalikuwa ya mtu anayejua kazi. Alisema masefu mengi ya kuzuia moto yana jasi ndani ya kuta, na jasi hiyo hutoa unyevu. Akasema nisiifungie bunduki ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inashika maji. Nimemuuliza fundi baadaye, yote kweli! Sasa mtu wa namna hiyo utamshukuje? Laki moja na nusu, vikopo viwili, nikatuma kwa simu palepale. Na hela ya bodaboda nikamwongezea. Ya bodaboda, jamani.

Kipimo hakikudanganya, ila mle hamkuwa na silika. Mlikuwa na kloridi ya kalsiamu iliyotiwa rangi ya bluu. Chumvi hiyo inanyonya unyevu kwelikweli, ila ikishanyonya inayeyuka na kuwa maji ya chumvi. Na mshenzi yule alikitundika kikopo rafu ya juu, mitutu iko chini yake: "Usikiguse mzee, hiki ni cha maisha." Masika ilipokolea kikajaa, kikavuja, chumvi ikashuka taratibu juu ya chuma. Fundi kaukagua mtutu, kasema ndani una mashimo, nisithubutu kuupiga.

Simu yake haipatikani. Huyu awekwe ndani, alipe mtutu, alipe fundi, na hata hivyo roho yangu haitatulia.

Silika ya bluu yenyewe ikishiba inageuka pinki, unaikausha kwenye oveni nyuzi 120 hivi, unairudisha. Hakuna ya maisha. Tupia punje kwenye glasi ya maji: silika inalia na kupasukapasuka lakini haiyeyuki. Za kwake ziliyeyuka zote, ikabaki rangi. Kopo lenyewe halikuwa na jina la kiwanda, risiti aliniahidi "kesho".

Linaloninyima usingizi ni jingine: anajua sefu liko chumba gani na ndani mna nini. Namba za siri nimebadilisha, polisi nimeripoti. Mwenye picha yake au namba nyingine anayotumia aniletee leo leo, kabla hajahamia Pangani.