Mita ya DT-830 kwa umeme wa kontroli boksi: yatosha, ukiijua tabia yake

Ile mita ndogo ya manjano ya kupimia umeme, DT-830, haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Malindi, na mafundi wengi huidharau kwa urahisi wa bei yake. Lakini kuna kazi moja inayoimudu vizuri sana: kutafuta kwa nini kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haipati umeme.

Na kazi hiyo huku kwetu haiishi. Gari linalobeba samaki kutoka Ngomeni au chumvi kutoka Gongoni na Marereni huloa maji ya chumvi mpaka sakafuni, na cha kwanza kuliwa ni boliti za erthi, zinazofunga nyaya za hasi kwenye bodi. Juu panang'aa, fungua boliti, utakuta unga wa kijani umejaa chini ya kichwa cha waya. Dalili zake: stata inazunguka, injini haiwaki, taa ya injini haitokei kwenye dashibodi ukiwasha swichi, na skana, kifaa cha kusoma makosa ya gari, haipati mawasiliano. Hapo ndipo watu hukimbilia kontroli boksi ya mtumba. Tafadhali, pima kwanza.

Tuchukue mpangilio wa Toyota nyingi za siku hizi. Mita iwe kwenye volti za DC, alama ya 20, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye bodi. Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Kisha nenda kwenye soketi ya kontroli boksi ikiwa imechomekwa, upime kutoka nyuma ya pini kwa sindano nyembamba. Ukiingiza ncha nene kwa mbele utaipanua pini, na utakuwa umeliongezea gari ugonjwa mpya.

Pini zina majina yake. BATT huwa na umeme wakati wote. IGSW hupata ukiwasha swichi. Kontroli boksi ikiona IGSW hutoa umeme kwenye MREL, relei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) inashika, na +B inapata volti za betri. Ukiujua mfululizo huu, kosa lenyewe litakuonyesha lilipo. IGSW ipo na MREL haipo: kagua E1, pini ya erthi ya boksi, kabla hujailaumu boksi. MREL ipo na +B haipo: ni relei, fyuzi ya EFI, au waya uliokatika njiani. Koili ya relei, pini 1 na 2, mara nyingi husoma kati ya omu 70 na 100.

Yote yakiwepo na taa ya injini bado haitokei, pima VC, umeme wa volti 5 ambao boksi huzipa sensa. Ikisoma karibu na sifuri, chomoa sensa zinazoitumia, moja baada ya nyingine. Zile 5 zikirudi, sensa uliyochomoa mwisho au waya wake ndio uliokuwa unaivuta chini. Hapa boksi nyingi nzima hutupwa bure.

Sasa kasoro za mita. Betri yake ya 9V ikichoka, namba hupanda badala ya kushuka: ukiona betri ya gari inasoma 14 na injini imezimwa, badilisha ya mita kwanza. Nyaya zake nazo zina omu zake, kwa hiyo gusanisha ncha mbili, uone kiasi gani, ukitoe kwenye jibu. Tundu la 10A kwa kawaida halina fyuzi. Waya mwekundu ukisahaulika humo kisha ukagusa betri, ni shoti ya moja kwa moja.

Kuna kosa lisilo la mita. Waya uliobaki uzi mmoja bado utasoma volti 12, kwa sababu mita haivuti mzigo. Ndiyo maana hatuipendekezi peke yake: iandamane na balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Chomoa soketi, unganisha balbu kati ya chanya ya betri na pini ya E1. Ikiwaka hafifu, erthi imekufa hata kama mita ilisema nzima. Ikiwa inawaka vizuri, pima kati ya E1 na hasi ya betri balbu ikiwa bado inawaka. Isizidi volti 0.1. Balbu hiyo isiguse kamwe VC wala nyaya za sensa.

Mita hii isipoweza ni kwa gari linalozima na kurudi lenyewe, kwani namba za mita hubadilika polepole na tone fupi la umeme hulioni. Kwa hilo nunua mita inayohifadhi kipimo cha chini kabisa. Kwa mengine, zatosha DT-830, balbu, betri ya 9V ya akiba na msasa wa kusugua erthi mpaka chuma cheupe, kisha grisi juu yake.