Jukwaa la gofu linaloinama: miezi mitatu ya kulitumia, haya ndo niliyoyaona

Kama unacheza gofu hii unaijua, renji (uwanja wa mazoezi ya kupiga) unapiga safi kabisa juu ya kapeti tambarare, ukiingia uwanjani unakuta mpira umekaa kwenye mteremko, mguu mmoja juu mwingine chini, swingi (mzungusho wa fimbo) yote inapotea. Hilo ndo lilinifanya nichukue hili jukwaa. Ni ubao mpana wenye kapeti juu, unasimama juu yake wewe na mpira wako, unauinamisha upande unaotaka afu unaufunga kwa pini.

Mpira ukiwa juu kuliko miguu (napiga kwa mkono wa kulia) unaenda kushoto, hilo kila mtu anaambiwa, ila kuambiwa na kujionea ni mambo mawili tofauti. Nilipiga aini 7 (fimbo ya chuma, namba ikiwa ndogo mpira unafika mbali zaidi) mara kumi, nikapiga weji (fimbo fupi ambayo uso wake umelala zaidi) mara kumi, mwinamo uleule, na weji ndo zilikimbia kushoto zaidi! Ncha ya fimbo ikiinuka uso wake unatazama kushoto, na kadiri uso ulivyolala ndivyo unavyozidi kugeuka. Siku hizi nashika mpini chini kidogo, nalenga kulia, na nikiwa na weji nalenga kulia zaidi.

Mteremko wa kushuka ulinitesa wiki mbili nzima. Nilikuwa naegemea nyuma ili niunyanyue mpira, matokeo yake fimbo inagonga ubao kwanza, unasikia ko! afu mpira unatoka chini chini hauna nguvu. Kilichosaidia ni kulaza mabega yafuate mteremko, uzito mguu wa mbele, mpira nyuma kidogo ya katikati, na ukishapiga fimbo iendelee kushuka na mteremko, usiivute juu. Mpira utaruka chini na kubiringika sana, kwa hiyo chukua fimbo fupi zaidi. Kupanda ni kinyume chake, mpira unaruka juu na kufika karibu, mwinamo wa digrii 4 tu ni karibu fimbo moja nzima, aini 7 inaruka kama 8, basi mimi nachukua 6.

Sasa tatizo lake, na ni kubwa: kapeti inakudanganya. Ukigonga nyuma ya mpira kidogo fimbo inateleza tu na mpira unaenda vizuri, kwenye udongo fimbo ileile ingezama pale pale. Ndo maana mpira uliokaa vibaya huwezi kuufanyia mazoezi hapa. Mimi nusu saa ya mwisho nahamia kwenye nyasi za mazoezi, naweka mpira ndani ya kishimo kilichoachwa na fimbo ya mtu, maana uwanjani ukiangukia humo kwenye feawei (njia ya nyasi fupi) sheria haikupi nafuu yoyote, unaupiga ulivyo. Kisha nauzamisha mwingine kwenye rafu (nyasi ndefu) na kushika mpini kwa nguvu kidogo, nyasi zinajizungusha kwenye shingo ya fimbo na kuufunga uso. Hiyo hisia ya nyasi kuvuta mikono jukwaa haliwezi kukupa hata siku moja.

Kwa miteremko peke yake nalipatia nyota nne. Ila angalia pini, yangu inaanza kulegea baada ya mipira kama 50 na ubao unacheza chini ya mguu, na ukilowa unateleza vibaya, hasa mpira ukiwa chini ya miguu na umekunja magoti. Mimi naufuta kwa taulo kabla sijapanda.