Uzoefu Wangu: Mchezo Ulipokataa Kuniingiza Ilhali Intaneti Ilikuwa Salama

Mchezo wa mpira wa miguu ninaoucheza mtandaoni jioni nikiwa nyumbani Mamboleo, hapa Kisumu, ni mzuri, na wahudumu wake hatimaye walinifaa. Lakini ujumbe unaotokea pale mchezo unapokataa kumwingiza mtu unastahili lawama, kwa sababu unamtuma mchezaji kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Ujumbe huo husema kwamba imeshindikana kuunganisha na seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo, na kwamba mchezaji akague intaneti yake. Niliikagua. Kurasa zilifunguka, video zilicheza bila kukwama, simu ya WhatsApp kwa mdogo wangu aliyeko Nakuru ilisikika vizuri, na bado mchezo ulisimama kwenye skrini ya kuingia, kiduara kikizunguka, kisha maneno yale yale yakarudi. Ninaandika haya kwa ajili ya wachezaji wa huku magharibi wanaolipia waifai ya nyumbani na kukumbana na hitilafu hii, maana wengi hupewa dawa kabla ugonjwa haujajulikana.

Aliyenifungua macho ni huyo mdogo wangu. Tulikuwa tumepanga mechi, na wakati mimi nimezuiwa, yeye aliingia mara moja kupitia kampuni nyingine ya mtandao. Hilo lilinithibitishia kwamba seva zilikuwa zinafanya kazi. Nikakata waifai, nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha kompyuta ile ile na kutumia akaunti ile ile, nami nikaingia bila taabu. Kwa jaribio hilo moja, seva, akaunti na kompyuta viliondolewa lawama kwa pamoja, ikabaki njia iliyo kati ya ruta yangu, kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, na seva. Ninalipendekeza jaribio hili kabla ya jingine lolote, kabla hata ya kufuta mchezo na kuupakua upya, kazi ambayo hula gigabaiti nyingi na ambayo mara nyingi haigusi tatizo. Kuingia kwenyewe hutumia data kidogo sana. Tahadhari pekee ni kuzima kwanza usasishaji wa kiotomatiki, kwa kuwa sasisho moja linaweza kumaliza bando la wiki nzima.

Inasaidia pia kuelewa kwamba kuingia hufanyika kwa hatua. Kwanza kompyuta huuliza jina la seva lina anwani gani, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, na anayejibu ni seva ya DNS, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayokuuzia intaneti. Pili, mchezo hufungua muunganisho uliosimbwa, usioweza kusomwa na mtu mwingine njiani, ili kuthibitisha jina lako na nenosiri lako. Tatu, baada ya kukubaliwa, unaelekezwa kwenye seva ya mechi, na hapo michezo mingi hutumia UDP, njia inayotuma data bila kungoja kila kipande kithibitishwe kwamba kimefika. Hatua yoyote kati ya hizi ikikatika, mchezaji wa mchezo huu huonyeshwa ujumbe ule ule mmoja.

Ushauri unaotolewa upesi zaidi ni kubadilisha DNS, kwa kuweka 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Ni ushauri mzuri iwapo hatua ya kwanza ndiyo iliyokatika, na ni rahisi kujua: fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika nslookup na jina la seva, uone kama anwani inarudi. Ikirudi upesi, DNS haina kosa. Kwangu ilirudi upesi. Kama ulikwisha kubadilisha na bado mambo hayaeleweki, amri ya ipconfig /flushdns hufuta majibu ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta.

Saa ya kompyuta nayo haitajwi vya kutosha, na kwetu sisi tunaoishi karibu na ziwa, ambako radi za jioni huandamana na kupotea kwa stima, ni jambo la kuangaliwa. Binamu yangu wa Nyalenda ana kompyuta ya mezani ya zamani ambayo betri yake ndogo ya duara, ile ya CR2032 inayokaa kwenye ubao mkuu, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila stima ilipokatika tarehe ilirudi miaka mingi nyuma. Cheti cha usalama cha seva, kinachoithibitishia kompyuta kwamba seva ni ya kweli, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani kwamba cheti hicho bado hakijaanza kutumika hukikataa, na muunganisho hufia hapo. Misimbo ya tarakimu sita inayotolewa na programu za uthibitishaji huhesabiwa pia kwa saa, nayo kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30, hivyo saa ya simu ikipotoka, msimbo hukataliwa hata ukiwa umeunakili sawasawa. Tulibadilisha betri, tukaruhusu kompyuta ijirekebishie saa kupitia intaneti, na mchezo ukafunguka.

Kwangu saa ilikuwa sawa. Nilichokuwa nimeanza kukigundua ni kwamba nikizima ruta na kuiwasha tena, baadhi ya siku niliingia na baadhi ya siku sikuingia, bila mpango wowote. Nilipiga simu kwa kampuni ya intaneti, na wahudumu wa kwanza waliniambia nifanye hivyo hivyo, nizime na kuwasha. Nilisisitiza kuzungumza na fundi, nikamweleza habari ya hotspoti na ya mdogo wangu, naye akabadilisha mkondo wa mazungumzo papo hapo.

"Mwalimu, ingia kwenye ukurasa wa ruta, uniambie anwani ya upande wa WAN, ule unaoelekea kwetu kwenye kampuni, inaanza na ngapi."

"Inaanza na mia moja, nukta, sabini na mbili."

"Basi hiyo si yako peke yako, mwalimu. Mko wengi nyuma ya anwani moja."

Ninamshukuru kijana huyo, maana alinieleza kwa utulivu jambo ambalo kila mchezaji anayelipia intaneti ya nyumbani angepaswa kulijua. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3 dunia nzima, na akiba kuu ya kimataifa iligawanywa ikaisha mwaka 2011. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na ndani ya mtandao wao humpa kila mteja anwani ya faragha. Mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ukiona ruta yako inataja anwani iliyo ndani ya fungu hilo, au ukiona anwani ya WAN haifanani na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia anwani yako, ujue unashiriki mlango na watu usiowajua.

Kwa kuvinjari kurasa na kutazama video, kushiriki huko hakuna madhara unayoweza kuyaona. Kwa seva ya kuingilia mchezoni mambo ni tofauti, kwa sababu seva hiyo inajilinda dhidi ya watu wanaobahatisha manenosiri, na njia moja ya kujilinda ni kuhesabu majaribio yaliyoshindikana kutoka anwani moja. Wateja mia wakiwa nyuma ya anwani hiyo, baadhi yao wakikosea nenosiri na kompyuta ya mwingine ikiwa na programu hasidi inayojaribu akaunti za watu usiku kucha, seva inaona mtu mmoja msumbufu na kumfungia nje, na pamoja naye tunafungiwa sote. Hapo nikaelewa pia kwa nini kuzima ruta kulifaulu siku nyingine: inaelekea kila ilipowaka upya nilipangwa nyuma ya anwani nyingine ya umma, ambayo huenda ilikuwa haijafungiwa.

Nikiwa na maelezo hayo niliwaandikia wahudumu wa mchezo. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine, orodha ya hatua nilizokwisha kuzifanya. Sikukata tamaa, nilijibu nikiwapa anwani ya umma niliyokuwa nikionekana nayo, saa kamili ya kila hitilafu kwa saa za Afrika Mashariki na kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, matokeo ya jaribio la hotspoti, na matokeo ya amri ya tracert yaliyoonyesha njia ya data ikipita Nairobi na kuendelea ng'ambo. Baadaye alinijibu binadamu, kwa adabu na kwa ufasaha, akathibitisha kwamba anwani ile ilikuwa imewekewa kizuizi cha muda kutokana na majaribio mengi yaliyoshindikana, akakiondoa. Kwa huduma hiyo ninawapa sifa kamili. Hata hivyo kizuizi kilirudi, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa majirani zangu wa kwenye anwani walikuwa wale wale.

Rafiki zangu kadhaa walinihimiza nitumie VPN ya bure, huduma inayopitisha data yako kwenye seva ya mahali pengine ili uonekane na anwani nyingine. Nilikwisha kuijaribu, na ni kweli iliniingiza, jambo ambalo linathibitisha tu kwamba kizuizi kiko kwenye anwani. Siwezi kuipendekeza kwa matumizi ya kila siku. Mechi zilichelewa kupita kiasi, kwani data ilizungukia nchi nyingine kabla ya kufika seva, na mfumo wa usalama wa mchezo unaweza kushtuka ukiona akaunti ya Kisumu imeingia ghafla kutoka Ulaya, ukaifunga.

Nililoona linafaa ni kuomba anwani ya umma iliyo yangu peke yangu. Kampuni yangu huitoa kwa ada ya ziada ya kila mwezi, ingawa haiitangazi popote nilipoweza kuona, na hilo ninaliona ni upungufu mkubwa. Tangu ilipowekwa, sijazuiwa tena kwa hitilafu ile. Anayefuata njia hii abadilishe kwanza nenosiri la kusimamia ruta, kwa sababu ruta yenye anwani ya umma inafikiwa moja kwa moja na yeyote aliye kwenye intaneti, na zile nenosiri za kiwandani zinajulikana na kila mtu.

Zipo nyakati ambazo hakuna kati ya haya litakalosaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Kenya na nchi jirani. Siku kama hizo hata hotspoti hulegea, kurasa zote huburura, na hakuna haja ya kugusa ruta. Dalili ya kizuizi cha anwani ni kinyume chake: kila kitu kinakwenda vizuri isipokuwa mchezo.

Mchezo wenyewe ninaupa nyota nne kati ya tano, na wahudumu wake ninawapa tano. Nyota ninayoishikilia ni ya ujumbe ule. Seva inajua kwamba imeifungia anwani, na ingeweza kumwonyesha mchezaji namba tofauti ya hitilafu pamoja na sentensi moja ya kumwambia kwamba anwani yake imezuiwa kwa muda, ajaribu mtandao mwingine au awasiliane nao. Nimewaandikia kuwaomba hivyo, na ninamsihi kila aliyepatwa na tatizo hili naye awaandikie, akiambatanisha saa na anwani.