Kovu la kifuani: uzoefu wangu wa sindano za keloidi hapa Kigoma

Mtabibu alichukua rula ya plastiki, ile ya watoto wa shule, akaipangusa kwa spiriti na kuilaza kwenye kovu langu la kifuani. Akasoma kwa sauti, nesi akaandika: urefu sentimita 7, upana 3, kimo milimita 9. Miaka mitatu nilikuwa nimezunguka na kovu lile kwenye maduka ya dawa, zahanati na kwa watu wa mitishamba, na hakuna aliyewahi kulipima. Kila mmoja alilitazama tu akaniambia ninunue nini.

Mimi nakaanga samaki, migebuka, sokoni Mwanga hapa Kigoma. Siku ya ajali jiko lilikaa vibaya, karai likayumba, mafuta yakanimwagikia mkono wa kushoto na kifuani. Majirani walikuja mbio, mmoja na unga wa muhogo, mwingine na mawese, wakanipaka vyote viwili kwa huruma zao. Ndoo ya maji safi ilikuwa pale pale hatua mbili. Leo najua kwamba ngozi iliyoungua inataka maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 nzima, na haitaki kupakwa kitu. Mkono ulifunga baada ya mwezi hivi. Kifuani kidonda kiliingia usaha, kikachukua karibu miezi miwili. Baadaye nilielezwa kuwa kidonda cha moto kikipitisha wiki tatu bila kufunga, uwezekano wa kuacha kovu lililoinuka unakuwa mkubwa.

Kilichofuata ni kuwashwa. Asiyewahi kuwa na keloidi, yaani kovu linaloinuka na kukua kupita kidonda chenyewe, hudhani tatizo ni sura tu. Mimi nilikuwa naamka saa nane usiku najikuna hadi damu, na nikivaa sidiria ule mshono wa katikati ulikuwa kama unachoma. Shingo ya gauni nilikuwa napandisha hadi kooni, hata jua la saa saba. Nilinunua tyubu ya krimu kwa shilingi 8,000, muuzaji akasema inalainisha. Nilipaka miezi minne. Ngozi ya kando ikawa nyeupe na nyembamba, kovu lenyewe likaendelea kukua.

Dada yangu naye alikuwa na bonge sikioni, alipotobolea hereni. Alikatwa kwenye zahanati moja, akashonwa, akarudi nyumbani na sikio zuri kabisa. Ndani ya mwaka bonge lilirudi, kubwa kuliko lile la kwanza. Ndiyo maana niliposikia kuna kliniki ya ngozi hapa mjini, niliingia nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba kisu sitaki.

Kliniki hufanya kazi siku moja kwa wiki. Nilifika saa moja asubuhi, nikaingia chumbani saa sita na nusu. Kumwona mtabibu nililipa 10,000. Kijana mpole, alinipa shikamoo kabla sijakaa, na baadaye nikajua amesomea ngozi Moshi, kwenye kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC ambacho kilianza 1992 na kinafundisha watabibu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Sasa niseme alichofanya, maana hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Baada ya rula alibonyeza kovu kwa kidole, akaachia, akaangalia damu inavyorudi. Akalibana kwa vidole viwili kuona ni laini au gumu. Akalinganisha rangi na ngozi ya karibu. Alikuwa anajaza fomu ya kipimo kinachoitwa Vancouver, jina la mji wa Kanada: rangi, damu, ulaini na kimo, kila kimoja kina alama zake, jumla 13. Mimi nilipata 9, na katika mtihani huu alama nyingi ni mbaya. Kisha akaniuliza mambo ambayo fomu ile haina: unawashwa kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi? Nikasema nane. Maumivu? Tano. Usingizi? Nikaanza kulia, nasema ukweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza habari za usingizi.

Akaendelea. Kwenu nani mwingine ana kovu la hivi? Una sukari? Una mimba, au unaitafuta? Kuna mahali kovu limechanika likatoa kidonda kisichopona? Hilo la mwisho alilikazia. Alisema kovu la moto lililokaa miaka mingi likianza kuwa donda lisilofunga, hapigwi mtu sindano. Hukatwa kipande kidogo kikapimwa kwanza, kwani saratani ya ngozi inaweza kuota pale. Akanikunjisha kiwiko na kukinyoosha mara kadhaa, kuhakikisha kovu la mkono halijavuta kiungo. Mwisho akapiga picha kwa simu, rula ikiwa pembeni.

"Dada, haya ni makovu mawili tofauti," akaniambia. "Mafuta ni yale yale, siku ni ile ile, lakini la mkono siyo keloidi."

Nilibisha. Yote yameinuka, yote magumu! Akachukua kalamu akachora mpaka kuzunguka kovu la mkono. Limeinuka, ndiyo, ila limebaki ndani ya eneo lililoungua, na mimi mwenyewe nilikiri kuwa mwaka wa kwanza lilikuwa juu zaidi. La namna hiyo mara nyingi hushuka lenyewe taratibu. La kifuani lilikuwa limevuka mipaka, limetambaa kwenye ngozi ambayo mafuta hayakuigusa, na kwa pembeni limetoa vidole viwili. Akaniambia neno keloidi linatokana na neno la Kigiriki la gando la kaa. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Kaa akishika tunajua anavyoshika.

Kifuani, mabegani, kwenye taya na masikioni ndipo keloidi hupenda kukaa, na ngozi nyeusi kama zetu hupata zaidi. Kwa hiyo siyo uchafu, siyo laana, na haiambukizi. Hilo la kuambukiza naliandika kwa makusudi, kwa kuwa nina mteja aliyeacha samaki wangu kwa ajili ya kovu.

Kuhusu sikio la dada yangu alisema kukata peke yake ndiyo kosa. Keloidi ikikatwa bila matibabu mengine, hurudi kwa watu 45 hadi 100 katika kila 100. Baada ya kukata lazima kufuate kitu: sindano, hereni maalumu ya kubana, au mionzi siku moja mbili baada ya upasuaji. Mashine za mionzi ziko hospitali kama Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza, mbali na sisi.

Mimi nilipangiwa sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne. Dawa na sindano yake 20,000 kwa kila safari. Zinauma. Sitampamba mtu. Kovu gumu halipokei dawa. Unamwona mtabibu anasukuma kwa nguvu, mkono unamtetemeka, na kovu linageuka jeupe pale dawa inapoingia. Huchanganya na dawa ya ganzi, ila ganzi inafika baada ya maumivu kupita. Safari ya kwanza nilishika ukingo wa kitanda nikasoma Ayatul Kursi hadi akamaliza. Safari ya tatu kovu lilishaanza kulegea, sindano ikaingia kwa urahisi, na kutoka hapo ikawa jambo la dakika tano.

Kuwashwa kulipungua kabla ya kimo. Wiki mbili tu baada ya sindano ya pili nililala usiku kucha. Baada ya sindano ya sita rula ilisoma milimita 3, alama zikawa 5, kuwashwa mbili. Halijaisha, na mtabibu hakuwahi kuniahidi kuisha. Tangu mwanzo alisema tunatafuta litulie, lilainike, lisiwashe. Madhara nimeyaona pia: kipande cha ngozi kimekuwa cheupe kuliko mwili wangu, kuna vimishipa vyekundu vinaonekana, na hedhi ilivurugika miezi miwili. Yote alikuwa ameyataja kabla, hivyo sikushtuka. Mwenye sukari ajue dawa hii inaweza kuipandisha, aseme mapema.

Mkono haukupigwa sindano hata moja. Alinielekeza kuukanda kwa mafuta ya kawaida mara mbili kwa siku, kuufunika nikiwa juani ili usizidi kuwa mweusi, na nikipata uwezo ninunue kipande cha jeli ya silikoni. Mdogo wangu alikipata Dar, akakituma kwa basi. Kinakaa mwilini saa 12 na zaidi kwa siku, kwa miezi kadhaa, kinaoshwa kwa sabuni na kurudishwa. Kwa joto letu na moshi wa jiko hunibandukabanduka, nimeishia kukifunga kwa kitambaa. Kovu la mkono limeshuka vizuri, ingawa siwezi kuapa ni silikoni au ni muda wake tu.

Malalamiko ninayo. Safari ya nne dawa haikuwepo, nikaambiwa nikanunue mwenyewe. Nilizunguka maduka matatu nikaikosa, ikapita wiki saba bila sindano na kuwashwa kukaanza kurudi. Na mlango! Mwanamke yuko kifua wazi, mlango unafunguliwa mara faili, mara mtu anauliza choo. Niliomba pazia, nikajibiwa litaletwa. Safari ya sita lilikuwa bado. Pazia ni kitenge kimoja na kamba. Wanawake wangapi wameona mlango ule wakageuza?

Ukiniuliza kama ningelipa tena, ningelipa, hata kama ningetoka na ile fomu peke yake. Dada yangu nilimpeleka mwezi uliopita. Sikio lake limepimwa kwa rula ile ile, ameanza sindano, na kukata kutajadiliwa baadaye pamoja na hereni ya kubana.

Binti yangu ana miaka 12 na alikuwa ananidai nimtoboe masikio kabla ya Idi, kama wenzake. Nilimuuliza mtabibu. Akaangalia kifua changu, akaangalia sikio la dada yangu, akasema kwa ukoo wenu hapana, na hasa siyo kwa umri huu. Tumezunguka soko zima la Mwanga tukapata hereni za kubana za urembo, zisizotaka tundu, rangi ya dhahabu, shilingi 2,500. Anazivaa hata akilala, namvua mwenyewe.