Dola 20 ya dhahabu ya 1924: usiisugue, nakuomba!

Haya, karibuni tena. Leo sina simu wala spika. Leo ni hii hapa, ngoja kamera ishike... dola 20 ya dhahabu ya Marekani, chapa iliyobuniwa na mchongaji Saint-Gaudens, mwaka 1924. Karibu wakia nzima ya dhahabu, tusonge.

Iko ndani ya kasha la waliyoipima, imeandikwa MS64, yaani alama ya hali yake. Kuna aliyeuliza, "64 kati ya 100?" Hapana ndugu yangu, kati ya 70. Kuanzia 60 kwenda juu ndiyo sarafu ambayo haijawahi kulika kwa matumizi.

Sasa raha yenyewe. Nazima taa kubwa, nabaki na hii ya mezani tu. Naiinamisha taratibu... umeona? Mwanga unazunguka kama spoki za baiskeli! Narudia, polepole. Huu! Dhahabu ilipopigwa na muhuri ilitambaa kuelekea pembeni, ikaacha vistari vidogo mno, na ndivyo vinavyochezesha mwanga. Ukisugua hata kwa kitambaa laini, umeviua. Havirudi.

Leta lenzi. Goti la huyu mama aliyechorwa kwenye sarafu, na kifua: ndipo panapoanza kulika. Pakififia rangi, ujue sarafu ilishatembea. Kwenye hii yangu ni safi. Ila shavuni, hapo, kuna kovu. Zilikaa kwenye magunia ya benki zikigongana, ndiyo maana hii haikupata 65.

Sasa hii ya pili, ya 1908. Muuzaji simtaji, namwachia Mungu. Inawaka kuliko ile ya kwanza! Ndiyo iliyoniponza. Inamisha... wapi! Mwanga umeganda palepale. Ilisuguliwa. Niliipeleka kupimwa ikarudi haina namba, imeandikwa tu kwamba imesafishwa. Siku mbili sikuongea na mtu.

Mtaniuliza PCGS au NGC, yale makampuni mawili yanayopima sarafu na kuzifungia kwenye kasha. Mimi PCGS, na sababu yangu ya kitoto: napenda kasha lao. Wa NGC msinitukane.

Halafu acheni hii ya "ni ya zamani, basi ni adimu." Za 1924 zilipigwa zaidi ya milioni 4 kule Philadelphia, na nyingi zilikwenda kulala kwenye benki za Ulaya, zikanusurika. Lakini ya 1927 yenye herufi D juu ya mwaka, yaani ya Denver? Zilipigwa 180,000, leo zinazojulikana hazifiki 20. Rais Roosevelt aliamuru dhahabu irudishwe mwaka 1933, baadaye zikaenda kuyeyushwa kwa magunia. Za 1933 yenyewe zilipigwa 445,500, karibu zote zikaishia kwenye tanuri. Moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 18.9. Kwa hiyo usihesabu zilizopigwa, hesabu zilizopona.

Bei ya hii yangu? Thamani ya dhahabu yake, na nyongeza kidogo juu. Na kusema kweli, sasa nikiitazama, 63 ingenitosha, hela iliyobaki ningenunua taa nzuri zaidi. Hii taa inapiga kelele, mnaisikia?

Jumamosi saa 2 usiku niko laivu. Una sarafu ya marehemu babu? Nitumie video, siyo picha, niione ikiinama. Na usiioshe kwanza!