Betri za kuchaji ama mawe ya kawaida? Nimetumia zote mbili, haya ndo nilioyaona

Mwaka na miezi miwili sasa nyumbani natumia betri za kuchaji na kila anayekuja akiona ile chaja ukutani anauliza, zina faida kweli ama ni mbwembwe tu. Basi wacha niandike mara moja niachwe.

Mi nilianza sababu ya gari ya mtoto. Gari ya rimoti, yenyewe inataka AA nne, na kijana anaruhusiwa kuitoa Jumamosi na Jumapili peke yake. Mawe ya bei ya chini hayafiki hata adhuhuri, yanaanza kwenda pole pole kama yamefunga. Zile alkaline, mawe ya bei ya juu kidogo, pea mia mbili thelathini, zinamaliza wikendi ukibahatika. Sasa piga hesabu, mawe manne kila wikendi, mwezi ukiisha ni kama elfu moja mia nane, nikajiambia kumbe hapa nalea watoto wawili, huyu wangu na gari.

Mara ya kwanza nikanunua vibaya. Duka moja mjini, chaja na betri nne kwa mia sita, betri imeandikwa 4800 mAh, yani kipimo cha chaji inayobeba, kwa herufi kuubwa, nikafurahi kweli. Sikujua kwamba AA ya kuchaji ya aina ya NiMH hata ile kali kabisa inaishia 2700 au 2800 hivi, ukiona 4000 na kitu hapo umeshaibiwa. Na kuijua ni rahisi, ishike mkononi tu, ya ukweli ina uzito, inafika gramu 26 na zaidi, hizi zangu zilikuwa nyepesi kama kiberiti kilichobaki njiti tatu. Halafu ile chaja haijizimi, usiku nimeamka kunywa maji nikazigusa, moto kama mahamri yametoka karaini. Wiki sita hazishiki chaji tena. Kurudisha dukani, ati "bidhaa ikishatumika haina kurudi".

Ndo nikamwagiza binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai aniletee betri nane za kuchaji za Eneloop na chaja yake, yote pamoja kama elfu sita na nusu. Hizi ni zile nyeupe, Sanyo walizitoa 2005, siku hizi ni za Panasonic. Zimeandikwa 2000 mAh tu, hazina majigambo, na gari inatembea nazo Jumamosi yote na kipande cha Jumapili. Kufika mwezi wa nne pesa yangu ilikuwa imesharudi. Stima wala usiogope, betri moja kujaa ni kama wati tano kwa saa moja na hapo nimehesabu na inayopotea, yani yuniti moja ya tokeni inakupigia betri karibu mia mbili.

Kitu kilichonishangaza ni tochi. Betri za kuchaji za kitambo ukiziweka droo mwezi mmoja unakuta zimejimaliza zenyewe, hizi niliziacha kwenye tochi toka Ramadhani, stima ilipopotea usiku nikawasha ikawaka kama nimechaji jana.

Chaja nayo iangalie sana, pengine kuliko betri zenyewe. Tafuta inayochaji kila betri peke yake, kila shimo na taa yake, na inajizima ikijaa. Zile za kulazimisha mbili mbili, moja ikiwa imejaa na mwenzake iko nusu, iliyojaa inapikwa bure. Na usichanganye kuukuu na mpya kwenye kifaa kimoja, mi nimeziandika tarehe kwa kalamu ya maka, mtoto anadhani ni siku zao za kuzaliwa.

Lakini si kila mahali zinafaa jamani. Saa ya ukutani, wachia jiwe la kawaida, inakula kidogo mno na jiwe moja linapita mwaka, kutia betri ya bei hiyo mle ni kuifunga jela. Rimoti ya TV vilevile, ila mule tia alkaline na ukague mara moja moja. Yale mawe ya bei ya chini kile kikopo chake ni zinki na zinki ndo inayoliwa kadri unavyotumia, mwisho linatoboka linavuja kwenye springi. Alkaline nayo ikisahauliwa inavuja, unakuta unga mweupe, huo tia ndimu kidogo kwa pamba unatoka. Mashine ya presha ya mama kijitabu chake kimesema alkaline, nikafuata kijitabu, manake hizi za kuchaji ni volti 1.2 badala ya 1.5 na presha ya mama si mahali pa kufanyia majaribio. Gari ya mtoto haijali hiyo tofauti, alkaline yenyewe ikifika nusu ishashuka hapo hapo.

Kilichonishinda ni redio ya mama, ile ya mawe makubwa ya D. Za kuchaji za saizi hiyo zipo, ila nyingi ukiifungua ndani ni kitu sawa na AA kimevishwa koti kubwa, 2500 mAh, na D ya ukweli inafika 10,000. Za ukweli bei yake nilipoiona nikaifunga simu. Basi mama yuko na mawe yake, anakumbuka ya Paka, yani Eveready, yaliyokuwa yakitengenezwa Nakuru kabla kiwanda kufungwa 2014, na yakichoka bado anayapanga juu ya bati yaote jua, jioni anayarudisha anapata taarifa ya habari na nusu ya taarabu.