Sinanjiosisi kwa mtoto mwenye moyamoya: tiba inayofaa, ila nusu ya kazi iko nje ya kisu

Hakuna dawa inayozibua mishipa ya moyamoya. Ateri kuu mbili za shingoni husinyaa pale zinapoishia ndani ya fuvu, na ubongo hujitafutia njia za kando kupitia vishipa vyembamba ambavyo kwenye anjiogramu, yaani picha ya mishipa ya damu, huonekana kama moshi. Aspirini huzuia damu isigande humo, lakini haiongezi damu hata kidogo. Kinachobaki ni upasuaji, na kwa watoto wadogo tunauona wa sinanjiosisi, yaani kulaza ateri ya ngozi ya kichwa juu ya ubongo ili iote mishipa mipya, aliouendeleza mpasuaji wa ubongo R. Michael Scott huko Boston tangu miaka ya 1980, kuwa chaguo la kwanza.

Upasuaji mwingine, wa kuunga mshipa na mshipa, huleta damu papo hapo. Tatizo ni kwamba mishipa ya mtoto mdogo mara nyingi haifiki milimita 1 kwa upana, hivyo kiungo ni kigumu kushona na huziba kwa urahisi. Sinanjiosisi haiungi chochote. Ateri ya ngozi ya kichwa hutafutwa kwa Dopla, kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita, njia yake huchorwa juu ya ngozi, kisha hufunuliwa chini ya hadubini pamoja na ukanda wa tishu kila upande. Haikatwi, damu huendelea kupita humo muda wote. Msuli hupasuliwa, kipande cha fuvu hutolewa, na utando mgumu wa dura hufunguliwa kwa kukwepa matawi ya ateri ambayo tayari yanalisha ubongo. Matawi hayo lazima yasomwe kwenye anjiogramu mapema, kwani kuyakata ni kumnyima mtoto damu kidogo aliyokuwa nayo.

Hatua inayotofautisha kazi nzuri na ya kulipua ni kufungua araknoidi, ule utando mwembamba ulio chini ya dura, kwa upana wote unaoonekana. Ukiachwa, hubaki ukuta kati ya ateri na ubongo. Baada ya hapo kingo za ateri hushonwa kwenye uso wenyewe wa ubongo kwa uzi wa nailoni namba 10-0, mishono michache tu. Dura haifungwi, na matundu ya mfupa hupanuliwa ili ateri isibanwe inapoingia na kutoka.

Haya yote yanaweza kuharibiwa na kilio. Mtoto akilia hupumua haraka, kaboni dayoksaidi hushuka, mishipa ya ubongo hujikaza, na kiharusi hutokea. Kwa hiyo muulizeni daktari wa usingizi kabla ya mpasuaji. Je, dripu itaanza usiku wa kuamkia upasuaji, kwa takriban mara 1.5 ya kiwango cha kawaida? Je, kaboni dayoksaidi na shinikizo la damu vitashikiliwa kwenye kiwango cha kawaida cha mtoto huyo, bila kushushwa? Dawa ya maumivu itatolewa kabla hajaanza kulia? Nyuzi za ngozi zitayeyuka zenyewe, au zitahitaji kutolewa huku mtoto akipiga mayowe? Mwenye ugonjwa wa seli mundu huongezewa au kubadilishiwa damu kwanza, hadi himoglobini S, ile yenye kasoro, iwe chini ya asilimia 30. Hospitali inayojibu maswali haya bila kusitasita inaijua kazi yake.

Matokeo yanatia moyo. Katika ripoti ya Scott na wenzake ya 2004, yenye watoto 143, takriban theluthi mbili walikuwa wamepata kiharusi kabla ya upasuaji. Miongoni mwa waliofuatiliwa zaidi ya mwaka mmoja, asilimia 3.2 tu walipata kiharusi cha baadaye. Hatari iko mwanzoni: ndani ya siku 30, viharusi vilikuwa karibu asilimia 4 kwa kila upande wa ubongo uliopasuliwa.

Udhaifu wake mkubwa ni kungoja, maana mishipa mipya huchukua miezi kukua. Pia ateri hii hulisha zaidi eneo la ateri ya kati ya ubongo. Sehemu ya mbele au ya nyuma ikiwa na njaa ya damu, huenda ikahitaji matundu ya ziada ya fuvu au upasuaji mwingine. Aspirini huendelea, kwa kawaida kuanzia siku inayofuata, na mtoto achanjwe mafua kila mwaka. Akipata mafua au tetekuwanga, daktari apigiwe simu siku hiyohiyo, kwani aspirini na virusi hivyo vinaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo; lakini mzazi asiikatishe aspirini kwa uamuzi wake mwenyewe. Anjiogramu ya marudio hufanywa baada ya mwaka mmoja hivi.